Taa ya LED ya mbele kwa pikipiki: chagua kwa mahali mwanga unapoangukia

Kazi yangu ni umeme wa pikipiki, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, LED ipi inawaka zaidi?" Huwa najibu kwa swali jingine: unataka kuona nini, na kwa umbali gani? Taa inayowaka sana na taa inayoonyesha vizuri ni vitu viwili tofauti. Nimefunga taa ambazo ukizitazama unafumba macho, lakini ukipanda na kuondoka, shimo lililo mbele huligundui mpaka umelikaribia. Nimefunga pia taa za wati chache tu zinazokupa barabara yote, ukingo kwa ukingo, bila kumsumbua anayekuja upande wa pili.

Tupige hesabu kidogo. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Sekunde moja na nusu ya kuona na kukamata breki ni mita 25. Breki yenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzuri, itakula nyingine 23 hivi. Jumla ni mita 48. Ukipandisha hadi 80, jumla inakaribia 75. Huo ndio umbali ambao taa yako inatakiwa ikuonyeshe kitu cheusi kilicholala barabarani. Mwanga mkali ulio mita tano mbele ya tairi haukusaidii chochote hapo. Hata hudhuru, kwa sababu jicho hujipanga kulingana na kile kinachong'aa karibu, na kule mbali kunazidi kuwa kiza. Mwendeshaji anajisikia ana mwanga mwingi huku kwa kweli anaona kidogo kuliko zamani.

Kwa hiyo unapochagua LED, unachonunua ni umbo la mwanga. Nguvu inakuja baadaye.

Kabla ya kununua, pima ulichonacho

Balbu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye uzi unaowaka ndani, ni nyepesi sana kuumia volti ikipungua. Mwanga wake haushuki sawasawa na volti, unaporomoka haraka zaidi. Mteja mmoja alinijia akiwa tayari ameshika boksi la LED mkononi. Nikamwomba tusilifungue kwanza. Nikawasha injini, nikapima betri: volti 13.5. Nikachomoa soketi ya taa kidogo, nikagusa miguu ya balbu kwa mita ya kupimia umeme huku inawaka: volti 12. Tofauti ya volti moja na nusu inaonekana ndogo, lakini kwa balbu ya halojeni ni karibu theluthi moja ya mwanga iliyopotea njiani. Umeme ulikuwa unapita kwenye swichi ya funguo, ukaenda swichi ya usukani, ukashuka kwa waya mwembamba, ukaishia kwenye ethi yenye kutu. Tukaweka rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayoipa taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, tukasafisha ethi, na yule bwana akaondoka na balbu yake ileile, anaona vizuri.

Angalia pia kiakisi, yaani kile kibakuli kinachong'aa ndani ya taa. Kikiwa kimepauka, kimebabuka au kina vumbi la miaka, hakuna balbu duniani itakayokisaidia. Kioo cha plastiki kilichofanya ukungu wa manjano ni hivyohivyo. Kisafishe au kibadilishe kwanza. Baada ya hapo, kama bado unataka LED, unainunua ukijua inatibu tatizo gani.

Namba za kwenye boksi

Boksi litakuambia lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000. Usiamini. LED nzuri ikiwa imefungwa kwenye pikipiki, imepata joto, inatoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, kidogo juu au kidogo chini. Ili utoe 20,000 ungehitaji wati 200, na pikipiki nyingi ndogo haziwezi hata kuzalisha umeme huo kwa vifaa vyote pamoja. Kwa kulinganisha, balbu ya kawaida ya H4 ya wati 60/55 imepangiwa lumeni 1,650 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na 1,000 kwenye dimu (mwanga ulioshushwa). Ndugu yake mdogo HS1, ya wati 35/35, ina 825 na 525. Kwa hiyo LED ya wati 15 iliyotengenezwa vizuri tayari inakupa zaidi ya dimu ya H4. Huhitaji makumi elfu.

Namba ya kweli unaweza kuipata mwenyewe. Weka mita upande wa ampea 10, iunge katikati ya waya wa chanya wa balbu, washa, subiri dakika chache. Ukisoma ampea 1.4 na volti ni 13, zidisha: wati 18. Basi hapo una lumeni 1,800 au pungufu, hata boksi liseme nini. Nawapenda wauzaji wanaoandika wati 18 na kweli mita ikasoma 18. Mtu aliyesema ukweli kwenye namba hiyo mara nyingi amefanya kazi ya kweli na ndani.

Balbu peke yake, au taa nzima?

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, na nitasema wazi upande nilioko: kama pikipiki yako inakubali taa nzima ya LED, chukua taa nzima. Taa ambayo LED, kiakisi au lenzi vilichorwa pamoja tangu mwanzo ina nafasi kubwa ya kuutupa mwanga inapotakiwa. Taa za duara zina vipimo viwili vinavyojulikana kote: inchi 7 na inchi 5.75. Ukipima kioo chako kikawa kimoja kati ya hivyo, una bahati, zimejaa za kuchagua. Lakini pima na kina cha nyuma. Taa ya LED ina mapezi ya alumini ya kutolea joto, na mapezi hayo yanaweza kugonga mzigo wa nyaya uliolala ndani ya kikombe cha taa. Chukua rula, toa taa ya zamani, pima kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye nyaya, ulinganishe na vipimo vya muuzaji. Asiyekupa kipimo cha kina, achana naye.

Tatizo la pikipiki nyingi za kisasa ni kwamba taa ina umbo lake la pekee, imefuata sura ya pikipiki. Hapo unabaki na balbu ya kuchomeka. Na balbu ya kuchomeka inaweza kufanya kazi vizuri au ikaharibu kila kitu, kutegemea jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa.

Kiakisi cha halojeni kilikokotolewa kwa ajili ya uzi mwembamba wa milimita chache, ulio mahali fulani hasa, unaong'aa pande zote. Kwenye H4 kuna nyuzi mbili. Ule wa fulu unakaa karibu na kitovu cha kiakisi na kutumia kibakuli chote. Ule wa dimu umesogezwa mbele, na chini yake kuna kijiko kidogo cha chuma. Kijiko hicho kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga unaogonga nusu hiyo ungepanda juu moja kwa moja kwenye macho ya watu. Hicho kijiko ndicho kinachofanya dimu iwe dimu.

Sasa shika balbu ya LED mkononi. Ilaze, itazame kwa ubavu. Utaona ulimi wa chuma wenye chipu ndogo za manjano kila upande. Jiulize mambo haya. Je, chipu ni ndogo na zimepangwa kwa mstari mfupi, zinalingana na urefu wa uzi, au ni bamba refu la manjano lililojaa ulimi mzima? Bamba refu ni la kukataa: linatoa mwanga kutoka mahali pengi ambako kiakisi hakikutarajia, na matokeo yake ni ukungu wa mwanga usio na umbo. Je, ulimi ni mwembamba? Kadiri ulivyo mnene ndivyo chipu za pande mbili zinavyoachana, na kila moja inatoka nje ya kitovu. Balbu zenye chipu pande tatu au nne huwa nene, nami sizifungi. Je, chipu za dimu zina kijiko chini yake? Kama ni ya H4 na haina kijiko, irudishe kwenye boksi.

Ukiweza, shika balbu ya zamani ya halojeni kando yake, sahani za kufungia zikiwa sambamba. Uzi wa dimu na chipu za dimu vinatakiwa viwe umbali mmoja kutoka kwenye sahani. Tofauti ya milimita mbili tu inaonekana ukutani usiku.

Na mkao wake. Ukishaifunga, chipu zinatakiwa zitazame kushoto na kulia, kama mishale ya saa inayoonyesha tatu na tisa, na kijiko kiwe chini. Balbu nzuri zina kola inayozungushwa na kufungwa kwa skrubu ndogo ili upate mkao huo hata kama soketi yako imekaa upande. Nasikitika nikiona pikipiki inakuja barabarani na mwanga umetapakaa hadi kwenye matawi ya miti, wakati kuizungusha balbu robo tu kungemaliza tatizo.

Kama taa yako ina lenzi ya duara nene mbele, ile inayoitwa projekta, mambo ni mepesi kidogo kwa watu wa mbele yako, kwa sababu ndani yake kuna kizuizi cha chuma kinachokata mwanga wa juu. Lakini umbali na usambaaji bado vinaweza kuharibika. Jaribu ukutani kabla ya kuridhika.

Umeme wa pikipiki yako ni wa aina gani?

LED inataka mkondo mnyoofu, yaani DC. Pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani, zinailisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneto, yaani kizalisha umeme kilicho kwenye injini, na huo ni mkondo geu, AC. Dalili yake unaijua: ukiwa umesimama taa inafifia, ukivuta mafuta inapanda. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya mbele haiwaki kabisa. Dalili hii ya pili usiitegemee peke yake, kwa kuwa zipo pikipiki za DC zinazosubiri injini iwake ndipo ziruhusu taa. Hakikisha kwa mita. Injini ikinguruma na taa ikiwa imewashwa, pima kwenye soketi upande wa AC. Ukipata volti kumi na kitu, huku upande wa DC ukikupa namba isiyoeleweka, basi ni AC.

Ukichomeka LED ya DC hapo, itapepesa, na mara nyingi haidumu. Una njia tatu. Ya kwanza ni kununua balbu iliyoandikwa kwamba inapokea AC na DC, yenye mapana makubwa ya volti, kama 9 hadi 80. Inafanya kazi, ila injini ikiwa chini bado itacheza kidogo. Ya pili ni kuhamisha waya wa taa kwenye betri kupitia rilei. Ni rahisi kufanya, na ndiyo inayoua betri nyingi, kwa sababu kwenye pikipiki za namna hii upande wa kuchaji ulipewa umeme mdogo tu, wa honi na indiketa. Ya tatu ni kazi kamili: kuitoa koili kwenye ethi, kuiunganisha na regyuleta inayotumia mawimbi yote mawili ya mkondo, ndipo taa iende kwenye betri. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini ukishaifanya umemaliza.

Kwa njia yoyote uliyochagua, pima mwishoni. Taa ikiwa imewashwa, injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida wa safari, betri isome zaidi ya volti 13. Ikisoma 12.4 na inateremka, taa inakula betri na utaachwa njiani.

Kwa pikipiki za DC habari ni nzuri. H4 ya wati 55 inavuta zaidi ya ampea 4, LED ya wati 18 inavuta moja na kidogo. Swichi na nyaya zinapumzika.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao huwapotezea watu muda mwingi. Kwenye soketi ya miguu mitatu, tumezoea mguu wa pamoja uwe ethi, na swichi inapeleka chanya kwenye dimu au fulu. Pikipiki kadhaa zimegeuzwa: mguu wa pamoja ni chanya, na swichi inakata au kufunga ethi. Halojeni haijali. LED nyingi zinajali: haiwaki, au dimu na fulu zinawaka pamoja. Washa dimu balbu ya zamani ikiwemo, gusa kila mguu kwa mita huku waya mweusi wa mita ukiwa kwenye fremu. Mguu wa pamoja ukisoma volti 12, tafuta balbu iliyoandikwa kwamba inakubali nguzo zote mbili. Pikipiki zenye kompyuta inayochunguza taa zinaweza kuonyesha onyo la taa iliyoungua, kwa kuwa LED inavuta kidogo mno. Kifaa cha kuondoa onyo hilo kinapata moto sana, kwa hiyo kifunge kwenye chuma, mbali na plastiki na nyaya.

Joto linakwenda wapi

Watu huniambia LED haina joto kwa sababu wameweka mkono mbele ya kioo wakahisi baridi. Joto lipo, limegeuka nyuma. Halojeni hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga. LED huliacha kwenye shina la balbu, na lisipotoka, chipu zinapunguza mwanga au zinakufa mapema. Ndiyo maana utaona feni, au mapezi ya alumini, au mikanda ya shaba iliyosukwa.

Kwenye pikipiki mimi napendelea isiyo na feni. Feni ndogo inazunguka usiku kucha katikati ya vumbi, maji na mtikisiko, na ikisimama balbu haitadumu. Pia feni iliyofungiwa ndani ya kikombe cha taa inazungusha hewa ileile ya moto. Mikanda ya shaba ni mizuri kama una nafasi ya kuitandaza nyuma; ukiikunja ikashikana kwa sababu ya ubano, umeiua kazi yake. Kile kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi nacho kirudi mahali pake. Balbu inayokulazimisha ukate kifuniko hicho tundu kubwa inakuletea vumbi kwenye kiakisi, na baada ya msimu mmoja utaona mwanga umepungua bila kujua kwa nini.

Jaribio langu la joto ni rahisi. Simamisha pikipiki mbele ya ukuta gizani, injini ikiwa imewashwa na mahali pakiwa wazi kwa hewa, kisha weka simu yenye programu ya kupima lukisi (ukali wa mwanga unaofika mahali) mahali pamoja pasipotikisika. Andika namba ya dakika ya kwanza, kisha ya baada ya nusu saa. Ikishuka kidogo ni kawaida ya LED zote. Ikipoteza robo au zaidi, hiyo balbu imeuzwa kwa mwanga wa dakika ya kwanza. Namba ya simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha balbu na yenyewe inatosha.

Kuhusu maji: taa nzima iwe na alama ya IP67 ikiwezekana. Namba 6 ni ya vumbi, 7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa kuwa kioo cha LED hakipati joto, umande ndani yake unachelewa kukauka, kwa hiyo hakikisha tundu la kupumulia halijazibwa kwa silikoni na fundi mwenye bidii.

Rangi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Halojeni ina 3,200 hivi, ya manjano. LED nyingi ni 6,000 au 6,500, nyeupe inayoelekea buluu. Chukua 4,300 hadi 5,000 ukiipata. Udongo, matope na majani makavu hurudisha zaidi mwanga wa manjano na mwekundu kuliko wa buluu, kwa hiyo kwenye njia ya vumbi taa ya buluu hufanya vitu vyote vifanane. Na mwanga wa buluu unakera macho ya wengine zaidi hata nguvu ikiwa sawa. Ukitaka rangi kwa ajili ya urembo, ziko taa nyingine za pikipiki za kupamba.

Alama na sheria

Taa iliyopimwa rasmi chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa ina herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Herufi DOT, za Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ni jambo tofauti. Marekani mtengenezaji anajithibitisha mwenyewe kwamba amefuata kanuni, kwa hiyo DOT ni kauli yake, si cheti alichopewa baada ya kupimwa. Kwenye bidhaa isiyo na jina, herufi hizo hazinipi utulivu wowote.

Balbu ya LED ndani ya taa iliyoidhinishwa kwa halojeni hairuhusiwi katika nchi nyingi. Ujerumani ilifungua mlango mwaka 2020, lakini kwa balbu maalumu na kwa orodha ya taa zilizopimwa nazo. Tafuta sheria ya unakoishi kabla ya kulipa, maana taa nzima yenye alama ya E mara nyingi inapita mahali ambapo balbu peke yake inakataliwa.

Angalia pia upande wa barabara. Taa nyingi za pikipiki zina mwanga ulio sawa kushoto na kulia, zinafaa kote. Lakini taa za LED zilizochukuliwa kutoka kwenye magari mara nyingi zina mstari unaopanda upande mmoja. Upande unaopanda lazima uwe wa ukingo wa barabara. Ukielekea kwa wanaokuja, umenunua taa ya watu wanaoendesha upande mwingine, na hakuna skrubu ya kulirekebisha hilo.

Ukutani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kufunga kwenyewe. Nina utepe wa karatasi wenye gundi na kalamu nene kwenye boksi la vifaa kwa ajili ya kazi hii tu.

Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa. Jaza upepo tairi zote. Sogeza pikipiki karibu kabisa na ukuta, weka alama mahali kitovu cha taa kilipo, kisha irudishe nyuma mita 10 kwa mstari ulionyooka. Mwenyewe upande, uzito wako wa kweli, na kama unabeba abiria kila siku naye apande. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya ile alama. Kama nafasi ni mita 5, basi sentimita 5.

Ukishafika hapo, simama ulisome lile umbo. Unatafuta mstari unaoeleweka kwa juu, sehemu yenye nguvu zaidi ikiwa karibu na mstari huo, katikati, kwa sababu hiyo ndiyo inayokwenda mbali. Chini yake mwanga upungue taratibu. Kama sehemu kali imelala chini kabisa, ndiyo ile taa inayomulika mita tano mbele ya tairi. Kama juu ya mstari kuna mawingu ya mwanga, hayo yanaingia machoni mwa watu, na siku ya ukungu au mvua yanakurudia wewe mwenyewe kama ukuta mweupe.

Mstari usiwe mkali kama wa wembe. Pikipiki haitulii kama gari: ukivuta mafuta pua inapanda, ukishika breki inazama, ukilala kwenye kona mstari wote unalala na upande wa ndani wa kona unaingia gizani. Mstari mkali mno unakatika juu ya barabara kila ukipita tuta, na macho yanachoka. Ulaini kidogo kwenye ukingo ni sifa.

Ukipiga picha kulinganisha taa mbili, funga mipangilio ya mwanga ya kamera. Simu ikiachiwa ijipange yenyewe itazifanya zote mbili zifanane, na picha nyingi za "kabla na baada" ziko hivyo.

Jaribio la mwisho linahitaji mtu wa pili, nami sikubali kuliruka. Mpe mwenzako pikipiki, wewe nenda mbele mita 50 kwenye njia tulivu, chuchumaa macho yako yawe usawa wa dereva wa gari dogo. Aje taratibu akiwa na dimu. Unatakiwa uweze kumwangalia bila kugeuza uso. Ukigeuza, shusha taa, zungusha kola, rudia. Ikishindikana kabisa, toa hiyo balbu, hata kama ni nzuri kwako uliye kitini. Aliyepofushwa kwa sekunde kadhaa ndiye anayekuja upande wako wa barabara na tani moja ya chuma.

Baada ya safari chache kaza tena skrubu za taa na uirudie ile alama ya ukutani, maana taa mpya hukaa vizuri kidogo kidogo. Kama ulibadilisha balbu tu, weka ile ya halojeni ya zamani chini ya kiti, imefungwa kwa kitambaa, usiishike kioo chake kwa vidole vitupu. LED ikizimika usiku huenda ikazimika yote kwa mara moja, na halojeni hiyo inaingia kwenye soketi ileile bila waya wowote wa ziada.